UZI: Kutoona usiku si vitamini A peke yake. Tuzungumze kiunzi cha seli za retina

Bint Langoni (mwanzisha uzi)

Asalaam aleikum wanajukwaa.

Kwenye ule uzi wa kutoona usiku, karibu kila mchangiaji aliishia kwenye maini, mapapai na matone ya vitamini A. Vitamini A ni kweli na tutaigusa. Lakini kuna upande wa pili ambao haukutajwa kabisa, nao ndio ninaopenda kuufundisha kuliko mada yoyote ya bayolojia hapa Lamu. Seli zinazopokea mwanga ndani ya jicho hubomoa tando zake na kujenga mpya kila siku ya maisha yetu, na kazi hiyo inafanywa na kiunzi cha seli, yaani saitoskeletoni, ule mtandao wa nyuzi na vijibomba vya protini ulio ndani ya seli. Kiunzi hicho kikiwa na kasoro, mtu atakula maini mpaka achoke na bado giza litamfunga.

Retina, lile tabaka jembamba la nyuma ya jicho linalopokea mwanga, ina seli za aina mbili za kuona: rodi za mwanga hafifu, na koni za mwanga mkali na rangi. Hesabu iliyochapishwa mwaka 1990 ilipata wastani wa rodi milioni 92 na koni milioni 4.6 kwa kila jicho la binadamu. Rodi ni seli nyembamba na ndefu. Sehemu yake ya nje imejaa diski za utando zilizopangana mamia kwa mamia, na ndani ya tando hizo ndimo ilimo rodopsini, protini inayonasa mwanga. Sehemu ya ndani ndiyo inayotengeneza protini hizo. Katikati pana shingo nyembamba mno, upana wake kama theluthi moja ya mikromita (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), iitwayo silia unganishi, na ndani yake zimesimama kwa duara jozi tisa za mikrotubuli, yaani vile vijibomba vya kiunzi. Kila kinachokwenda nje lazima kipite hapo.

Seli hizi hazigawanyiki. Ulizozaliwa nazo ndizo utakazozeeka nazo. Lakini utando unaopigwa na mwanga na oksijeni nyingi mchana kutwa hauwezi kudumu miaka 70, kwa hiyo seli inabaki na utando unabadilishwa. Mfano ninaowapa wanafunzi ni mnazi: mti ni uleule, makuti mapya yanachomoza upande mmoja na makuukuu yanadondoka upande mwingine. Tofauti ni kwamba rodi huchipua shinani na kudondosha nchani.

Aliyelithibitisha hili ni Richard Young wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, mwaka 1967. Aliwapa panya na vyura amino asidi zenye mnururisho, kisha akaangalia zilikokwenda. Zilionekana kwanza sehemu ya ndani, halafu kwenye shina la sehemu ya nje zikiwa mkanda mmoja, halafu mkanda huo ukapanda siku baada ya siku hadi nchani, ukatoweka. Mwaka 1969 yeye na Dean Bok wakaonyesha ulikotowekea: nyuma ya retina kuna tabaka la seli zenye rangi nyeusi, na hizo ndizo zinazomeza ncha za rodi. Kwa tumbili wa aina ya rhesus, sehemu yote ya nje ya rodi hubadilishwa ndani ya siku 9 hadi 13. Yaani kama sehemu moja ya kumi ya utando inaondoka kila siku na nyingine kama hiyo inaingia.

Nitaendelea chini. Ulizeni huku nikiandika.

Kijana wa Kizingitini

Waaleikum salaam mwalimu. Mimi nilifundishwa kwamba kiunzi cha seli kinaipa seli umbo lake, basi, na mtihani ulitaka jibu hilo hilo. Leo unasema ndicho kinachojenga. Kivipi?

Bint Langoni

Kaka, hilo jibu la mtihani ndilo linaloniuma. Linawafanya watoto wadhani kiunzi ni kitu kilichosimama tu. Ndani ya rodi kiunzi hakitulii hata dakika.

Tufuate rodopsini moja tangu inapotengenezwa. Imetoka kwenye Golgi, sehemu ya seli inayofungasha protini, ikiwa imefungwa ndani ya kifuko kidogo cha utando. Kifuko hicho kinabebwa na protini iitwayo dainini, ambayo hutembea juu ya mikrotubuli kuelekea chini ya silia. Mwaka 1999 ilionyeshwa kwamba mkia wa rodopsini hujishika moja kwa moja kwenye kipande kimoja cha dainini. Na baadhi ya mabadiliko ya jeni yanayoharibu mkia huo huleta retinaitisi pigmentosa, ugonjwa unaoua rodi polepole. Protini imetengenezwa, lakini haifiki inakotakiwa.

Kwenye shingo, mzigo unapokelewa na kinesini, protini nyingine ya kubeba mizigo juu ya mikrotubuli. Ziko za aina kadhaa; hii ni ile iitwayo kinesini ya pili, inayotembea upande wa pili kwenda nje. Mwaka 2000 watafiti waliondoa kipande chake kiitwacho KIF3A kwenye seli za kuona za panya. Rodopsini ikarundikana sehemu ya ndani, na seli zikafa. Seli haikufa kwa kukosa protini. Ilikufa kwa kuwa nayo mahali pasipo pake.

Sasa tuko shinani pa sehemu ya nje, mahali ninapopapenda kuliko pote. Utando mpya umefika. Nani anaugeuza kuwa diski? Hapo ndipo inapoingia aktini, protini inayojiunga kuwa nyuzi za kiunzi. Kuna kifundo kidogo cha nyuzi za aktini pale pale diski mpya inapoanzia. Mwaka 1988 David Williams na wenzake walitumia dawa iitwayo saitokalasini D, inayovunja nyuzi za aktini, kwenye macho ya chura. Unaweza kudhani kila kitu kingesimama. Haikuwa hivyo. Utando uliendelea kuletwa, ila diski mpya hazikuanzishwa, kwa hiyo zile chache zilizokwisha kuanza zikazidi kupanuka kupita kiasi. Maana yake kuleta utando ni kazi moja na kuanzisha diski ni kazi nyingine, na ya pili inataka aktini.

Iliyobaki ikafahamika juzi juzi. Mwaka 2017 maabara ya Vadim Arshavsky, Chuo Kikuu cha Duke, ilionyesha kwamba silia ya seli ya kuona ina tabia ya kumwaga vifuko vya utando nje. Protini iitwayo periferini huzuia umwagaji huo, na utando unabaki kutengenezwa diski. Panya wasio na periferini hawana sehemu ya nje kabisa: utando wote umemwagika. Mwaka 2019 maabara hiyo hiyo ikaonyesha kwamba kinachousukuma utando utokeze ni aktini yenye matawi, inayojengwa na kundi la protini liitwalo Arp2/3. Ni njia ile ile ambayo seli zinazotambaa hutumia kusukuma ukingo wake mbele. Walipoondoa Arp2/3 kwenye rodi, diski mpya zikakoma, na utando uliokuwa unaletwa ukajikunjakunja ovyo pale shinani.

Nisome mara ngapi habari hii, hunigusa vile vile. Seli iliyosimama mahali pamoja maisha yake yote inatumia mbinu ya seli inayotambaa ili ijenge diski moja, kisha nyingine, kisha nyingine.

Nahodha wa Ndau

Mwalimu mimi si mtu wa shule sana lakini nafuatia. Swali langu ni la mato ya sisi wavuvi. Nalala mtana na kuvua usiku kwa taa. Hizo seli zadondosha saa ngapi? Kama ni asubuhi na mimi asubuhi nimefunga mato, si zitaharibika?

Bint Langoni

Nahodha, swali zuri sana hilo, na lina jibu.

Mwaka 1976 Matthew LaVail aliwaweka panya kwenye saa 12 za mwanga na 12 za giza. Aliona kwamba rodi zao hudondosha ncha kwa wingi muda mfupi baada ya mwanga kuwaka asubuhi. Kisha akawaacha gizani moja kwa moja. Ikawa asubuhi ilipofika, ncha zikadondoka vile vile bila mwanga wowote. Kwa hiyo ni saa ya mwili, na mwanga kazi yake ni kuirekebisha tu. Ukihamisha ratiba ya taa, saa hiyo hujipanga upya baada ya siku kadhaa. Kufunga macho asubuhi hakuzuii kazi hiyo.

Na ncha ikishadondoka, au tuseme ikiwa karibu kudondoka, kiunzi cha seli nyingine ndicho kinachoshika. Zile seli nyeusi nilizozitaja, kila moja inahudumia rodi kama 30 hivi. Zina vinyweleo vya utando vilivyojaa aktini, vinavyozifunika ncha za rodi. Ncha iliyochakaa huweka nje alama ya fosfatidilserini, aina ya mafuta ya utando, vipokezi vya seli nyeusi vinaitambua, na kipokezi kiitwacho MerTK kinatoa amri ya kumeza. Aktini ndiyo inayouinua utando kuizunguka ncha hiyo hadi inafungwa ndani. Kuna panya mashuhuri wa maabara, wanaoitwa RCS, ambao kwa miaka mingi walijulikana kupofuka mapema huku mabaki ya diski yakijazana nyuma ya retina. Mwaka 2000 ikajulikana kwamba jeni yao ya MerTK ndiyo mbovu. Rodi zao zilikuwa zikijenga kama kawaida. Zilikufa kwa sababu hakuna aliyezoa.

Baada ya kumezwa, kipande hicho lazima kisafirishwe hadi kwenye laisosomu, kifuko cha seli cha kuyeyushia taka, kikayeyushwe, na humo njiani tena ni mikrotubuli na kinesini. Utafiti wa 2015 ulionyesha kwamba panya wanaokosa kipande kimoja cha kinesini ya aina nyingine, iitwayo kinesini ya kwanza, hubaki na vipande visivyoyeyushwa, na uchafu hujikusanya chini ya tabaka lile, sawa na unaoonekana kwa wazee wanaopoteza uoni wa katikati. Kila siku, kwa maisha yote, bila likizo. Sijui seli nyingine mwilini inayomeza kiasi hicho.

Muuguzi Mkomani

Naomba niingie kidogo kwa upande wa kliniki, maana wengine watasoma uzi huu waache kupeleka watoto kupewa vitamini A. Msiache. Watoto wa miezi 6 hadi 59 wapewe kila baada ya miezi sita kama kawaida. Vitamini A ndiyo inayotengeneza retinali, ile sehemu ya rodopsini inayogeuka ikipigwa na mwanga. Ikikosekana, mtoto haoni jioni, lakini akipewa mapema uoni wa usiku unarudi. Alichosema mwalimu ni ugonjwa mwingine: unaanza vile vile kwa kutoona usiku, ila vitamini hairudishi, na unazidi mwaka hadi mwaka. Kinachotutatiza sisi ni kwamba mwanzoni mgonjwa wa huku na wa kule wanasimulia kitu kimoja.

Bint Langoni

Ahsante sana dada, hapo umesema linalotakiwa. Niongeze tu: ukiona kutoona usiku kumeshika ndugu wawili watatu wa tumbo moja, wanaokula chungu kimoja na wengine ambao hawana shida, usiishie kwenye lishe.

Umm Faza

Asalaam aleikum. Sijawahi kuandika humu, huwa nasoma tu. Mwanangu wa kwanza ana miaka 13. Amezaliwa haskii kabisa. Alichelewa sana kutembea, alikuwa akikalishwa anaanguka, tukaambiwa ni mvivu. Sasa tangu mwaka jana magharibi ikiingia ananishika nguo. Akipita kichochoroni anajigonga kwenye baraza, na ndoo iliyo miguuni pake haioni. Tulikwenda mahali tukapewa vidonge vya vitamini, tukala na mboga, hakuna kilichobadilika. Mwalimu ulipoandika kuhusu wanaokula chungu kimoja moyo ukanipasuka, kwa sababu mdogo wake wa miaka minne naye amezaliwa vile vile haskii. Je, hili nalo ni la hicho kiunzi? Mjomba wangu anasema ni kijicho cha watu.

Bint Langoni

Waaleikum salaam dada yangu. Pole sana, na umefanya vyema kuandika.

Mimi ni mwalimu, si daktari, na siwezi kumpima mtoto kwa maandishi. Lakini mambo matatu uliyoyataja, yaani kutosikia tangu kuzaliwa, kuchelewa kutembea, na kutoona usiku kunakoanza karibu na kubalehe, yakikutana kwa mtoto mmoja, kuna ugonjwa ambao lazima daktari wa macho aufikirie kabla ya mwingine wowote. Unaitwa sindromu ya Usher, aina ya kwanza. Na ndiyo, ni wa kiunzi cha seli.

Jeni inayousababisha mara nyingi kuliko nyingine ni MYO7A, iliyotambuliwa mwaka 1995. Inatengeneza miosini ya VIIa, protini inayotembea juu ya nyuzi za aktini. Ndani ya sikio, seli za kusikia na za mizani zina vinyweleo vilivyojaa aktini, na bila miosini hii havikai sawa. Ndiyo maana mtoto haskii, na ndiyo maana alichelewa kutembea. Hakuwa mvivu. Sehemu ya sikio inayomwambia mwili uko wima au umeinama haikuwa ikifanya kazi, na alijifunza kusimama kwa kutegemea macho na miguu.

Ndani ya jicho, miosini hiyo hiyo inafanya kazi sehemu mbili. Iko kwenye silia unganishi ya rodi, na panya wasio nayo huonekana na rodopsini iliyokwama shingoni. Pia iko kwenye zile seli nyeusi, ambako husaidia kusogeza vipande vilivyomezwa kuelekea kuyeyushwa. Pasipo miosini, vipande vinachelewa. Ujenzi na uzoaji vyote viwili vinalegea, na rodi zinaanza kufa kutoka pembeni. (Panya hao, ajabu, hawapofuki kama binadamu, na hilo limewasumbua watafiti miaka mingi kwa sababu dawa haijaribiki kwa urahisi juu yao.) Kwa binadamu uoni wa pembeni hupungua pole pole, wa katikati hudumu muda mrefu zaidi. Ndiyo maana ndoo iliyo miguuni haioni lakini uso wako anauona.

Kuhusu kijicho: dada, hakuna aliyekutupia kitu, wala hukula kitu kibaya ukiwa na mimba. Ugonjwa huu unatokea pale baba na mama wote wawili wanapobeba nakala moja ya jeni yenye kasoro bila wao wenyewe kuugua. Hapo kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa na mtoto mwenye ugonjwa.

Kijana wa Kizingitini

Mwalimu, samahani, hapo ndipo tuseme wazi kuhusu kuoana binamu. Visiwa hivi kila mtu ni wa mtu.

Bint Langoni

Tuseme, lakini kwa adabu, mama huyu anatusoma. Watu wa ukoo mmoja wana nafasi kubwa zaidi ya kubeba nakala ile ile, kwa hiyo magonjwa ya namna hii huonekana zaidi wanakooana jamaa wa karibu. Hutokea pia kwa wasio na undugu wowote. Ndoa ya binamu yenyewe haimpofushi mtu, na wengi waliozaliwa humo ni wazima. Ninachotaka ni familia ambayo tayari imepata mtoto wa namna hii iweze kupata ushauri wa jeni kabla ya harusi nyingine, bila kunyooshewa kidole.

Nahodha wa Ndau

Na dawa ipo?

Bint Langoni

Ya kurudisha rodi zilizokufa, hapana. Tiba ya jeni ipo kwa ugonjwa wa jirani: mwaka 2017 Marekani iliidhinisha tiba ya jeni ya RPE65, lakini hiyo ni jeni nyingine na haiwafai hawa. Shida ya MYO7A ni ukubwa. Kirusi kinachotumika kubebea jeni hadi kwenye retina kinachukua takriban herufi 4,700 za jeni, na maelekezo ya miosini hii yanazidi 6,600. Kwa hiyo watafiti wanaikata jeni vipande viwili, kila kipande na kirusi chake, viungane ndani ya seli. Majaribio ya binadamu kwa njia hiyo yameanza. Mimi nayafuatilia kwa matumaini ya kweli.

Lakini dada, usisubiri hayo. Kuna la kufanya sasa. Kipimo kinachoitwa elektroretinogramu hupima umeme wa retina, na kinaweza kuonyesha kasoro kabla mtoto mwenyewe hajaanza kujigonga. Mkubwa apimwe uoni wa pembeni na picha ya retina. Mdogo ndiye ninayemfikiria zaidi. Mtoto asiyesikia anazungumza kwa macho. Lugha ya ishara inaingia kupitia macho, na macho yakipungua ghafla bila mtu kujiandaa, mtoto anapoteza watu wote kwa pamoja. Ikijulikana angali na miaka minne, kuna muda wa kupanga: ishara, kusoma, na kuuliza kama kifaa cha kupandikizwa sikioni kinamfaa, maana hicho kinafaa zaidi kadiri mtoto anavyopewa mapema. Kwa aina hii ya kwanza, vifaa vya kawaida vya kuvaa sikioni husaidia kidogo sana.

Na hapa nawaambia wote, hasa walimu wenzangu: kila mtoto wa pwani hii aliyezaliwa haskii achunguzwe retina. Si wote wenye Usher, wengi hawana. Lakini kusubiri mpaka mtoto aanze kushika nguo ya mamake magharibi ni kuchelewa kusiko na sababu.

Muuguzi Mkomani

Naunga mkono. Umm Faza, elektroretinogramu huku kwetu usitegemee, mtahitaji rufaa ya Mombasa au Nairobi. Ukifika kwa daktari usianze na macho. Anza na masikio, kisha kuchelewa kutembea, kisha usiku, kwa mpangilio huo huo uliouandika hapa, na useme wako wawili. Ukisema tu haoni usiku mtapewa vidonge tena. Na nyumbani wekeni taa kwenye ngazi na mlangoni, msihamishe vyombo ovyo.

Umm Faza

Shukran sana, Mwenyezi Mungu awalipe. Nimemsomea baba yao uzi wote. Tumekubaliana tunakwenda wote wanne baada ya kulipwa boriti, wiki ya pili ya mwezi. Swali moja la mwisho mwalimu: yule mkubwa anaogelea sana na wenzake pale gatini, hata jioni. Nimzuie?

Bint Langoni

Jioni ndiyo, mzuie, na mchana asiogelee peke yake wala asipige mbizi. Mtu ambaye mizani ya sikio lake haifanyi kazi, akiwa chini ya maji asipoona vizuri hajui juu ni wapi. Mweleze sababu kwa ishara, taratibu, yeye mwenyewe aielewe. Ana miaka 13, na ni haki yake kujua kinachoendelea ndani ya macho yake.